Korti ikiiadhibu serikali, nani hulipa?

UZI 🧵 Kila polisi wakinaswa kwenye video wakipiga raia, hapa mtandaoni utaskia: "Korti iwatoze bilioni, watashika adabu!" Hasira naielewa. Lakini fidia ya adhabu ina historia yake, na majaji waliiwekea mipaka kitambo.

Kwanza tutofautishe. Fidia ya kawaida hukurudishia ulichopoteza: bili ya hospitali, mshahara, maumivu. Ya adhabu huongezwa juu yake kwa sababu aliyekukosea alifanya ujeuri, si kwa sababu wewe uliumia zaidi.

Turudi London, 1763. Serikali ilikuwa inawinda waliochapisha gazeti lililomkera mfalme, ikatoa hati ya kukamata isiyotaja jina la mtu yeyote. Fundi mmoja wa uchapaji akabebwa. Alizuiliwa saa sita hivi, tena akalishwa nyama na kupewa bia (mahabusu gani hiyo!). Mshahara wake ulikuwa gini moja kwa wiki. Jopo la raia likampa pauni 300. Serikali ikalia kwamba ni nyingi mno, lakini jaji mkuu wa korti hiyo akakataa kuzipunguza. Kwake, saa sita hazikuwa hoja. Hoja ilikuwa uhuru wa raia uliokanyagwa.

Sasa shida. Hii ni adhabu, lakini inatolewa bila kinga za kesi ya jinai. Hakuna kuthibitisha bila shaka yoyote, hakuna kiwango cha juu kilichoandikwa, na pesa zinaingia mfukoni mwa mlalamishi.

Ndiyo maana mwaka 1964, katika kesi ya Rookes v Barnard, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilibana. Jaji Lord Devlin aliacha milango mitatu tu: watumishi wa serikali wakikandamiza, wakitenda kiholela au kinyume cha katiba, mtu akikukosea makusudi baada ya kupiga hesabu kwamba faida yake itazidi fidia, au sheria yenyewe ikiruhusu. Akaongeza kwamba kiasi kiwe cha wastani, uwezo wa wahusika uangaliwe, na kama fidia ya kawaida inatosha kuadhibu, basi iishie hapo.

Mwaka 1971, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliikubali kanuni hiyo katika kesi dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu. Hadi leo mawakili wetu huitaja. (Marekani wao hutazama uwiano. Tangu 2003, adhabu inayozidi fidia zaidi ya mara tisa ni nadra kupita.)

Kwa hivyo polisi wetu wanaingia mlango wa kwanza kabisa. Mbona basi hatuoni mabilioni? Kwa sababu anayeshtakiwa kwa niaba yao huwa ni Mwanasheria Mkuu, na anayelipa ni mlipa kodi, pamoja na huyo aliyepigwa. Afisa aliyeshika rungu anaweza kuendelea kupokea mshahara wake kama kawaida.

Tena hata ukishinda, huwezi kutuma dalali akamate gari la serikali. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali kinakataza. Unapewa cheti cha deni, unakipeleka wizarani, unangoja. Wako Wakenya walioshinda kesi miaka mingi iliyopita, na vyeti vyao bado viko kabatini.