Nyayo za kaboni: nani alitufundisha kuzihesabu?

Hapa Kenya ukitaja nyayo, watu humkumbuka hayati Mzee Moi. Leo nazungumzia nyayo nyingine: hewa ya kaboni inayotokana na matumizi ya nyumba moja.

Mwaka 1992, Profesa William Rees wa Kanada aliandika kuhusu nyayo za kiikolojia, yaani ukubwa wa ardhi inayohitajika kuukimu mji. Kisha mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP ikaweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha nyayo za kaboni. Ndugu msomaji, muuza mafuta ndiye aliyemfundisha mteja kujilaumu!

Hata hivyo tusiitupe hesabu yenyewe. Ni rahisi: yuniti za stima zidisha kwa kilo za kaboni za kila yuniti. Kosa huingia kwenye hiyo namba ya pili. Stima yetu hutoka zaidi kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Ukitumia namba ya nchi inayochoma makaa ya mawe, programu italaumu balbu yako na kusahau jiko la makaa. Basi kabla ya kuzima taa, pima gunia.