Kampuni Zilizotawala, na Sheria Iliyotufikia Buha



Katika mwaka huu wa kumi wa Chama chetu Kikuu, baadhi ya wenzetu wa Kasulu na Kibondo wametuuliza kwa nini sheria inatulazimisha kukaguliwa hesabu na kuitisha Mkutano Mkuu. Jibu lake laanzia mbali na milima yetu, huko pwani.

Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria aliipa hati kampuni ya William Mackinnon kutawala nchi ambayo leo ni Kenya. Kampuni hiyo ya biashara ilipewa kutoza ushuru, kuweka askari na kuamua mashauri. Hati iliikataza kuhodhi biashara, ikaiagiza kuheshimu mila za wenyeji. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini mwenye mizani ndiye aliyekuwa hakimu, na wenye hisa, walioweza kudai hesabu, walikuwa Uingereza.

Upande wetu ilikuwapo kampuni ya Wajerumani, ya Carl Peters, yenye hati ya Kaisari ya mwaka 1885. Ilipotwaa forodha za pwani mwezi Agosti 1888, watu wa Pangani waliinuka pamoja na Abushiri bin Salim. Kampuni ilishindwa, serikali ya Ujerumani ikaleta majeshi, na tangu 1 Januari 1891 ikatawala yenyewe.

Ile ya Waingereza ilielemewa na gharama za Uganda, ikaondoka huko mwaka 1893, na tarehe 1 Julai 1895 ikakabidhi yote kwa serikali. Ililipwa pauni 250,000. Katika hizo, 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani wa Unguja, alizolipwa na Wajerumani kwa pwani ya Mrima. Yaani thamani ya Bagamoyo na Pangani ndiyo iliyoilipa kampuni ya Mombasa! Tumeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara twamhurumia mtunza hazina wa Sultani.

Kampuni zikaondoka, sheria ikabaki. Bunge la Uingereza lilikuwa limetunga mwaka 1890 sheria ya kumwezesha Mfalme kutawala nchi za ng'ambo zisizo milki yake, na juu ya sheria hiyo ikajengwa Amri ya Tanganyika ya 1920. Buha, iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916, ilikabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921. Sheria ya 1926 ikawaweka Bami wetu chini ya Serikali, na vijana wengi wa Kiha wakaenda umanamba katika mashamba ya mkonge kutafuta fedha ya kodi.

Mwaka 1932 ikaja Sheria ya Vyama vya Ushirika. Hatusemi ilikuwa zawadi, maana Mrajis aliwekwa na Serikali ile ile. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na jambo ambalo hati ya Mackinnon haikumpa mkulima: mwenye mazao ana kura, naye aweza kuuliza fedha imekwenda wapi. Jambo hilo tulilipoteza mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa na mazao kutwaliwa na mamlaka za Serikali. Sheria ya 1982 ikalirudisha, na ile ya 2013 inalishika.

Hesabu zetu zilizokaguliwa zimechapwa katika kurasa zifuatazo. Mwanachama mwenye swali na aje nalo Mkutanoni.