Kwa nini gari hukosa nguvu: mwongozo kwa wasafirishaji wa Rumonge

Barabara ya RN3 hutoka Bujumbura, hupita Rumonge na Nyanza-Lac, kisha huelekea mpaka wa Mugina na Manyovu, mkoani Kigoma. Hupitisha mawese, ndagala na bidhaa za madukani. Gari likikosa nguvu njiani, samaki huharibika na faida ya safari hupotea.

Mwinuko
Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, wakati milima ya upande wa Bururi hufikia zaidi ya mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, yaani kama asilimia 12 kutoka ufukweni hadi mita 2,000. Huo si ubovu: punguza mzigo na ingiza gia ndogo mapema.

Mafuta
Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi katika miaka ya 2020 uliwafanya madereva wengi kununua mafuta ya madumu. Maji na uchafu huziba chujio: gari huenda vizuri tambarare, lakini hufa nguvu mlimani. Mwaga maji ya chujio, au libadilishe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulainisha kidogo, hivyo pampu na nozeli huchakaa haraka.

Hewa
Moshi mweusi mzito huonyesha kwamba hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Kagua kwanza chujio la hewa, hasa baada ya safari ya vumbi. Mlio wa kupuliza unapokanyaga mafuta huashiria mpira wa turbo uliopasuka.

Moshi wa bluu
Injini inaunguza oili. Ringi, sili za valvu au turbo vimechakaa.

Si injini kila mara
Injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, huenda breki inang'ang'ania.

Joto likipanda, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto.

Wasafirishaji wanashauriwa kukagua vichujio kabla ya kupakia. Bei ya chujio ni ndogo kuliko hasara ya shehena iliyolala njiani.