Maradhi ya Miguu Isiyotulia na Chakula
Haya ni maradhi ya mishipa ya fahamu ambayo humjia mtu hasa jioni na usiku, aketipo au alalapo, akahisi ndani ya miguu mvuto na mnyeo usiompa raha mpaka ainuke atembee. Tabibu Mwingereza Thomas Willis aliyaeleza tangu mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akayapa jina la miguu isiyotulia mwaka 1945.

Katika mambo ya chakula, lililothibiti zaidi ni madini ya chuma, kwa kuwa ubongo hauwezi kutengeneza dopamini, kemikali ipelekayo habari baina ya chembe za fahamu, pasipo chuma. Na chuma kikipungua humo, hata kama damu yenyewe haijapungua, miguu hufadhaika. Kwa sababu hiyo matabibu hupima katika damu feritini, protini ihifadhiyo chuma mwilini, na ikiwa chini ya mikrogramu 75 kwa lita huweza kuagiza dawa ya chuma. Maini, nyama na dagaa hutoa chuma kifyonzwacho kwa wepesi kuliko kile cha kunde na mchicha, ambacho husaidiwa na ndimu au chungwa, na huzuiwa na chai inywewayo pamoja na chakula. Ada hii ya chai, iliyoenea mno kwetu, yastahili kuangaliwa sana, khususan kwa wajawazito, ambao maradhi haya huwapata kwa wingi. Kahawa na pombe huwazidishia taabu baadhi ya wagonjwa, si wote. Vidonge vya chuma visimezwe kabla ya kupimwa damu, maana chuma kikizidi hudhuru ini na moyo.