Khati ya Wazee Wetu

Kiswahili kilipofika Nyangwe na Kasongo, katika nchi ya Maniema, hakikufika kwa ulimi peke yake. Kilifika na kalamu. Wafanya biashara waliandikiana kwa herufi za Kiarabu khabari za pembe, safari, deni na sulhu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa khati hiyo.

Vita vya 1892 hata 1894 viliondoa mamlaka ya Waarabu katika Kongo. Kisha skuli za misheni na ofisi za serikali zikashika herufi za Kirumi, na khati ikabakia vyuoni kwa kusomea Kurani. Leo baadhi ya nyaraka za zama zile zimo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Herufi za Kirumi zina manufaa makubwa, wala hapana haja ya kuziacha. Lakini mtoto aliyekhitimu Kurani amekwisha kuzijua herufi za babu zake. Amebakiwa na kujifunza jinsi walivyoandika p, ch na v. Asipofundishwa, wasia wa babu yake utakuwa karatasi bubu mkononi mwake, naye atahitaji mgeni amsomee. Basi walimu wa vyuo na waongeze somo hilo, wangali wapo wazee wa kusahihisha.