Maulizo ya mtandao yanaweza kukuchagulia mbwa?

Unafungua telefone, unajibu maulizo kumi ao kumi na tano, na mwishoni picha ya mbwa inatokea: hii ndiyo inayokufaa. Maulizo ya namna hii yako mingi kwenye intaneti. Je, familia yenye watoto inaweza kuyategemea wakati inatafuta mbwa? Jibu ni fupi: kwa sehemu tu.

Namna yanavyofanya kazi

American Kennel Club, shirika kubwa la mbwa huko Marekani, iko na maulizo yake. Wanakuuliza: nyumba yako ni kubwa ao ndogo? Una watoto? Kila siku utatembeza mbwa kwa muda gani? Manyoya yakianguka ndani ya nyumba yatakusumbua? Kisha kompyuta inalinganisha majibu yako na maelezo yaliyoandikwa juu ya kila aina. Lakini maelezo hayo ni ya aina nzima. Hayahusu ile mbwa moja utakayoleta ndani ya parsele yako.

Pale yanaposaidia

Kwa mambo ya mwili, maulizo haya hayadanganyi sana. Berje aleman itakuwa kubwa, itakula mingi na itaomba nafasi ya kukimbia. Mtu anayetoka asubuhi na kurudi usiku atakumbushwa kama mbwa nayo inahitaji muda wake.

Kazi maalum nazo ziko hivyo. Hapa kwetu, walinzi wa Mbuga ya Virunga wanatumia mbwa aina ya bloodhound kufuata nyayo za wawindaji haramu, kwa sababu pua yao ina nguvu sana. Hata hivyo, pua peke yake haitoshi. Kila mbwa inafundishwa kwa muda mrefu, pamoja na mlinzi anayeiongoza.

Pale yanaposhindwa

Tabia ni jambo lingine. Katika mwaka 2022, gazeti la kisayansi Science lilichapisha uchunguzi uliofanywa Marekani. Wenye mbwa zaidi ya 18,000 walijibu maulizo juu ya tabia za mbwa zao, na watafiti wakapima ADN ya mbwa zaidi ya 2,000. Walikuta kama aina inaeleza karibu 9% tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kutii mafundisho kunafuata aina kidogo zaidi. Lakini wepesi wa mbwa kukasirika pale inapochokozwa ao kutishwa, aina haiuelezi karibu hata kidogo. Na hilo ndilo mzazi anataka kujua mbele ya yote.

Mfano mwingine ni basenji. Mbwa hii asili yake ni misitu ya Kongo, Waingereza wakaipeleka kwao katika miaka ya 1930. Inajulikana kwa kutobweka kama zingine. Mtu anayesoma hivyo atafikiri ni mbwa ya kutulia. Kumbe ni mbwa ya uwindaji, inapenda kukimbia, na sauti yake nyingine iko nayo.

Na mbwa zetu je?

Mbwa mingi za huku kwetu ni za kienyeji, hazina jina la aina. Maulizo ya mtandao hayazijui. Kwa hiyo, mbele ya kuchukua mbwa, uliza mwenyewe:

– Mama yake iko namna gani mbele ya wageni na watoto?
– Mtoto wa mbwa amezoea kushikwa na watu, ao alifungwa peke yake?
– Nani nyumbani atailisha na kuifundisha kila siku?
– Veterinere yuko wapi, na chanjo ya kichaa cha mbwa itapatikana lini?

Ulizo hili la mwisho lisisahauliwe. Karibu watu wote wanaokufa na kichaa cha mbwa duniani waliambukizwa na mbwa, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni vigumu sana apone. Mbwa ikikuuma, hata kidogo, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha kimbia hospitalini siku ile ile. Usingojee kuona kama mbwa itagonjwa.

Jibu maulizo ya telefone ukitaka, yatakufikirisha. Lakini kisha nenda ukaitazame mbwa yenyewe, tena zaidi ya mara moja.