Majimoto, Walinzi wa Minazi

Wasikilizaji wetu, hapa pwani hapana mtoto aliyepata kupanda mwembe asiyewajua majimoto. Ni chungu wekundu, wenye miguu mirefu, wakaao juu ya miti katika viota vya majani mabichi yaliyoshikamanishwa. Aliyeumwa nao hana haja ya kuelezwa sababu ya jina lao. Kwanza humuuma mtu kwa meno, kisha huinama na kutia tindikali yao katika jeraha lile lile. Basi mwenye bustani akiviona viota vyao, shauri lake la kwanza ni kutafuta mwenge avichome. Leo twataka kueleza kwa nini mwenge huo wafaa uzimwe, na ushahidi wetu tutautoa katika historia, maana habari za chungu wa jamaa hii zimeandikwa tangu zamani sana.

Yafaa tuanze na nyumba yao, kwa kuwa ni ajabu. Chungu kadhaa hujipanga safu moja ukingoni mwa jani, wakalivuta jani la pili mpaka yakutane. Kama nafasi ni pana, mmoja hushika kiuno cha mwenziwe, na wa tatu kiuno cha wa pili, hata mnyororo ukavuka. Majani yakisha kukutana, huja wengine wamebeba watoto wao, yaani mabuu, katika meno. Chungu mzima hana uzi. Uzi anao buu. Basi humpeleka buu huku na huku, toka jani hili hata hili, kama mfumaji apitishavyo mtande, na buu hutoa uzi mweupe mfano wa uzi wa buibui. Mabuu ya chungu wengine wengi hujifunika kwa uzi wao wenyewe. Haya huutoa kwa ajili ya nyumba ya wote.

Katika nchi za kusini mwa China, hata upande wa kaskazini wa Vietnam, wako chungu wa ukoo mmoja na majimoto wetu. Kiko kitabu cha Kichina cha mimea ya kusini, kinachohesabiwa kuwa kiliandikwa na Ji Han katika mwaka 304. Kitabu hicho chasema kwamba watu wa huko waliwauza chungu hao sokoni, wamo ndani ya viota vyao, vimetiwa katika mifuko ya matete. Mwenye michungwa alinunua kiota akakitundika mtini. Ji Han aeleza kwamba mti usio na chungu hao, wadudu huyaharibu matunda yake hata lisipatikane moja lililo zima. Wako wataalamu wenye shaka kama maneno yote ya kitabu ni ya mwaka ule. Walakini hukitaja kuwa ni habari ya zamani kabisa ya mwanadamu kumtuma mdudu apigane na mdudu. Wakulima wale walifunga hata vijiti vya mianzi toka mti mpaka mti, viwe madaraja ya askari wao. Na desturi haikufa upesi: mwaka 1924 Groff na Howard waliandika habari za chungu waliokuwa wakifugwa katika michungwa ya kusini mwa China.

Majimoto wa Afrika hupatikana toka Afrika ya Magharibi hata pwani yetu. Wema wao ulikuja kuandikwa na wataalamu kwa ajili ya jambo moja lililowasumbua wenye minazi wa Unguja, nalo ni kuanguka kwa vidaka.

Kila mwenye mnazi ajua safari ya tunda lake: upunga hufunuka, hutokea kidaka, kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma huwa nazi. Ajua pia kwamba vidaka vingine huanguka kwa asili, kwa kuwa mti hauwezi kuwalisha watoto wote. Lakini iko minazi iliyokuwa ikiangusha karibu vyote, na vichache vilivyobaki vilikuwa na makovu na utomvu. Mtu akiona hivyo hulaumu upepo, au udongo, au jicho la jirani. Kumbe mwenye kosa alikuwa kunguni mwembamba wa rangi ya hudhurungi, mwenye mdomo kama sindano. Huuchoma mdomo huo katika kidaka kichanga, na mate yake huua nyama ya tunda mahali pale. Tena hahitaji kuwa na jeshi. Wachache tu watosha kuumaliza mzao wa mnazi mmoja, na wachache kileleni hawaonekani na mtu aliye chini. Mtaalamu wa wadudu Mwingereza, M. J. Way, aliyefanya uchunguzi wake Unguja, alitoa habari za kunguni huyu na chungu katika mwaka 1951, na baadaye, mwaka 1955, mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu lenye jina la Way ndani yake.

Jambo kubwa lililoonekana ni hili: mnazi uliokaliwa na majimoto ulizaa, na ule uliowakosa uliangusha. Majimoto huzunguka makuti na mashada mchana na usiku, na kunguni hapati nafasi ya kutua akala kwa raha. Sasa swali likawa, kwa nini minazi mingine haina majimoto? Jibu ni vita. Yuko chungu mwingine, mdogo, wa rangi ya kahawia, akaaye ardhini, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi cha miili yao. Huyu hupanda toka shinani kwa wingi, akawafukuza majimoto, naye mwenyewe hamzuii kunguni. Kwa hiyo mzao wa shamba zima huamuliwa na vita vya viumbe ambao mwenye shamba huwakanyaga kila siku bila kuwatazama.

Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa minazi katika mwaka 1979, habari hizi zilichunguzwa tena, na kazi hiyo iliendelea katika kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam. Ilionekana kwamba palimo majani ya chini yasiyofyekwa yote, majimoto huweza kudumu mitini hata kama adui yao yupo; lakini ardhi ikipaliliwa ikawa tupu, yule mwenye kichwa kikubwa hupanda miti na kuwatoa. Shamba jeupe humpendeza mkaguzi, nasi walimu twapenda mistari iliyonyoka. Kunguni hupendezwa zaidi.

Miembe nayo ina haja yake. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya, kisha akaenea Afrika upesi sana. Huko Benin uchunguzi ulionyesha kwamba miembe yenye majimoto hupata hasara ndogo, na kwamba inzi huchukia kutaga katika embe lililopitiwa na chungu, kwa sababu ya harufu wanayoiacha. Wako hata buibui warukao waliojifananisha na chungu; huinua miguu ya mbele kana kwamba ni pembe za kupapasia, wasiguswe na maadui.

Haki yataka tuwasikilize pia wachuma karafuu na wakwezi. Way mwenyewe aliona katika mikarafuu ya Unguja kwamba majimoto huwafuga wadudu gamba, wafyonzao maji ya mti, ili wapate utamu wautoao. Na mtu aliye juu ya tawi, mikono imeshika vikonyo, hawezi kujikuna. Wengine hujipaka majivu mikononi na miguuni, wengine huvuna asubuhi mapema, kungali na baridi, chungu wakiwa wazito.

Mwenye kutaka kuwahamisha na akate viota vya kundi moja tu, kwa maana makundi mawili yakikutana juu ya mti mmoja huuana. Afunge kamba toka mti hata mti, kama mianzi ya Wachina. Na atafute sana: kundi lenye chungu laki nyingi huwa na malkia mmoja, naye yumo katika kiota kimoja kati ya vyote. Kiota hicho kikiachwa nyuma, askari watalinda mnazi mpya kwa muda, watapungua, na kunguni atarudi.